Haya si Kunyamaza



Vijana wenzangu, kuna ile sauti inayozunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Shule zikikaribia kufunguliwa inarudi tena, kana kwamba imerekodiwa jana. Ati wazazi Waislamu tuamke, serikali inataka kuwafundisha watoto wetu zinaa. Chini yake alama za moto, halafu "shea kwa wote unaowapenda."

Najua uliishea. Mimi pia niliwahi kuishea, tena bila kuisikiliza mpaka mwisho. Kwa hiyo leo sikucheki. Nina swali moja tu, nawe lijibu kimoyomoyo: wewe ulifundishwa na nani? Siku ulipobaleghe, nani alikukalisha chini akakwambia mwili wako umeanza kufanya nini na dini inakutaka ufanye nini? Kama una mtu wa kumtaja, mpigie simu leo umwambie shukran. Wengi wetu hatuna. Tulifundishwa na wavulana wakubwa pale maskani, na simu ya binamu, na video ambayo hata ukiifuta haitoki kichwani.

Sitazunguka mbuyu. Nasema hivi: shule ziwafundishe watoto wetu kuhusu mwili, ujinsia na mahusiano, na sisi Waislamu tuziunge mkono. Tena tuingie ndani, tukae mezani, tuseme somo hilo lifundishwe vipi na nani. Kwa sababu kile kimya tunachokiita haya, si haya. Ni kumwacha mtoto peke yake.

KOFIA NA VIKARATASI

Kazi yangu ni kukaa na vijana mtaani. Likizo moja ya Agosti tulikaa na watoto wa madrasa, wavulana siku yao na wasichana siku yao. Tulipouliza nani ana swali kuhusu kubaleghe, kimya. Wanaangalia mkeka. Ustadh niliyekuwa naye akavua kofia yake, akasema: andika swali lako kwenye karatasi, usiandike jina, tia humu. Alipoipitisha mara ya pili kofia ilikuwa imejaa.

Kijana mmoja aliandika kwamba akiamka amejichafua hudhani saumu yake imeharibika, kwa hiyo amekuwa akilipa siku zisizo deni lake. Mwingine alikuwa ameanza kunywa dawa za tumbo kwa siri akidhani anaumwa. Siku ya wasichana, mmoja aliandika kwamba alipoona damu mara ya kwanza alikaa siku tatu bila kumwambia mtu, akingojea kufa. Mwingine aliuliza kama mtu anaweza kushika mimba kwa kukalia kiti alichokalia mvulana.

Na katikati ya vikaratasi hivyo kimoja kikasema: kuna mtu wa nyumbani ananishika, na amesema nisiseme. Nikisema nitakuwa nimemvunjia heshima?

Soma tena swali hilo. Mtoto tayari anajua jambo hili linamuumiza. Kinachomfunga mdomo ni heshima, ile ile tuliyomfundisha sisi, kwamba mkubwa hajibiwi.

Dada aliyekuwa akiongoza siku ile alisimama mbele ya wote akawaambia kwa lugha nyepesi kwamba anayekushika sehemu zako za siri hana heshima kwako ya kuvunjiwa, na kwamba yeye atabaki pale mpaka Magharibi kwa yeyote anayetaka kuongea. Mtoto alikuja watu wakishatoka, viatu mkononi. Jambo lile lilikuwa limeendelea zaidi ya mwaka mzima.

Tuliripoti. Halafu wazee wa familia wakakaa. Wakasema limalizwe kinyumbani, nyumba isiaibike, na mashahidi wote wakapotea. Mtoto ndiye aliyehamishwa, akapelekwa kwa shangazi yake mji mwingine, akapoteza muhula wa masomo. Yule mtu alibaki. Ijumaa anakaa safu ya mbele.

Mambo mengine nimeyabadilisha ili asijulikane. Lakini hili sikulibadilisha: kama kuna mtu angemwambia mtoto huyu, akiwa gredi ya kwanza tu, kwamba mwili wake ni amana na kwamba ana ruhusa ya kusema hapana hata kwa mkubwa, angesema siku ya kwanza. Maneno ya dakika kumi. Hakuna aliyemwambia. Si nyumbani, si madrasa, si shule. Sote tulikuwa tunaona haya.

KIMYA TUMEKIJARIBU

Mtu anaposema "tukiwafundisha tutawafungua macho," muulize macho hayo yamefungwa wapi.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila wasichana 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 15 walikuwa wameshawahi kushika mimba. Mwaka 2014 walikuwa 18. Imeshuka, alhamdulillah. Lakini Samburu ilikuwa nusu nzima ya wasichana, huku Nyeri ikiwa 5 kwa 100. Nchi moja, sheria moja. Msichana wa Samburu hakuumbwa na tamaa zaidi ya wa Nyeri. Tofauti ni muda anaokaa shuleni, umri anaoozwa, umaskini wa kwao, na kile anachokijua na anachoweza kukataa.

Turudi huku kwetu Pwani. Mwaka 2006 UNICEF pamoja na serikali walitoa ripoti kuhusu watoto wanaotumiwa kingono kwenye miji ya utalii, Mombasa, Kilifi, Malindi, Diani. Walikadiria wasichana kati ya 10,000 na 15,000. Na wakati sote tulikuwa tukielekeza kidole kwa mzungu wa hotelini, ripoti ile ile ikasema kundi kubwa zaidi la wateja kwa uraia walikuwa Wakenya, 38 kwa 100. Ni miaka karibu 20 sasa. Waliokuwa na miaka 13 wakati ule leo ni mama za watoto wanaoingia sekondari. Jiulize ni wangapi kati yao walipata mtu wa kuwaeleza lolote, kabla au baada.

Kwa hiyo usiniambie tujaribu kunyamaza. Tumenyamaza maisha yetu yote, na matokeo ndiyo haya.

DINI HAIKUNYAMAZA

Hapa ndipo nataka uniangalie machoni, kwa sababu hoja kubwa wanayotupiga nayo ni haya. Na kweli haya ni katika imani, hakuna anayepinga. Lakini tuangalie wale waliokuwa na haya kutushinda.

Ummu Sulaym, radhi za Allah ziwe juu yake, alikwenda kwa Mtume (SAW) akamuuliza kama mwanamke akiota kama anavyoota mwanamume anapaswa kuoga. Alianza kwa kukumbusha kwamba Allah haoni haya kwenye haki. Ummu Salama alikuwepo, akaona haya akafunika uso wake. Mtume hakumfukuza muulizaji. Alimjibu, na jibu hilo likahifadhiwa kwenye Bukhari na Muslim mpaka likatufikia mimi na wewe. Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Ansari kwa jambo hili hili, kwamba haya haikuwazuia kuielewa dini yao. Sayyidna Ali naye alikuwa na swali la mwili wake akaona haya kuuliza mwenyewe, maana alikuwa mkwe wa Mtume. Je, alinyamaza? Alimtuma Miqdad amuulizie. Haya yake ilibaki pale pale, na elimu akaipata.

Halafu ipo Qurani yenyewe. Kuna mtoto wa miaka tisa kwenye mashindano yetu ya Ramadhan ambaye amehifadhi Al-Baqara yote. Aya ya 222 ni ya hedhi. Anaisoma kwa tajwidi mbele ya msikiti mzima, mamake analia kwa furaha. Kesho yake dada yake akiona damu hajui ni nini, na hakuna wa kumwambia. Mtoto huyo huyo anasoma An-Nur aya ya 58, inayowataka hata watoto ambao hawajabaleghe wabishe hodi nyakati tatu za faragha: kabla ya Alfajiri, wakati wa kupumzika mchana, na baada ya Isha. Hilo ni somo gani kama si la mwili na mipaka yake? Tena linaanza kabla ya kubaleghe.

Na Surat Yusuf? Kijana anasumbuliwa na mtu mwenye mamlaka juu yake, ndani ya nyumba anayoishi. Anakataa, anakimbia. Kanzu inachanwa kwa nyuma na inakuwa ushahidi. Na pamoja na ushahidi huo, anayefungwa ni yeye. Kila kitu kimo: unyanyasaji, namna ya kukataa, ushahidi, na jamii inayomwadhibu aliyeonewa ili kulinda jina la nyumba kubwa. Tunaisoma kwa sauti nzuri, halafu tunawafanyia watoto wetu yale yale aliyofanyiwa Yusuf.

Hata kijana aliyekuja kumwomba Mtume ruhusa ya kuzini, kwenye hadithi aliyoipokea Imam Ahmad. Watu walimkemea. Mtume alimwita karibu, akamkalisha, akamuuliza kama angelipenda jambo hilo kwa mamake, kwa bintiye, kwa dada yake. Akamwekea mkono, akamwombea. Ule ndio ufundishaji. Ustadh wa leo akiulizwa swali hilo darasani, ni wangapi wangekwepa bakora?

PWANI ILIKUWA NA SOMO

Na wale wanaosema si mila yetu, nao wanasahau haraka. Mswahili wa Pwani alikuwa na somo. Msichana akivunja ungo anakabidhiwa mwanamke mtu mzima, mara nyingi si mamake, anayemfundisha usafi, twahara, siku zake, na baadaye mambo ya ndoa. Nyanya zetu walikuwa na masomo wao. Muulize nyanya yako kama yuko hai, kwa adabu, utashangaa atakavyocheka kwanza halafu akakwambia mengi.

Mwana Kupona binti Msham wa Pate, alipokuwa mgonjwa karibu na mwaka 1858, alimtungia bintiye utendi wa kumwusia kuhusu dini, adabu na maisha na mume. Unaweza kutokubaliana na mengi anayomtaka mke afanye, mimi pia nina maswali yangu. Lakini mama yule, kitandani, miaka zaidi ya 160 iliyopita, aliona si salama kumwacha binti aende kwenye maisha bila kuambiwa. Na sisi tunaojiita wasomi tumemwachia binti yetu bando la shilingi ishirini.

Hicho ndicho kilichotokea. Somo aliondoka. Familia zilitawanyika, nyanya akabaki kijijini, mama anafanya shifti mbili, baba yuko Doha anatuma pesa. Nafasi ile haikukaa wazi. Simu iliingia. Mwalimu wa watoto wetu leo ni mtu wa TikTok anayewaambia wavulana kwamba mwanamke akikataa anamaanisha ndiyo, na ni filamu za uchi zinazowafundisha kwamba maumivu ni mapenzi. Mwalimu huyu halali, hachoki, hana mtaala, wala hakuna kamati iliyomwidhinisha. Hakuna aliyeandamana dhidi yake.

"NI KAZI YA WAZAZI"

Kweli. Ni kazi ya wazazi kabla ya mtu mwingine yeyote. Sasa niambie, kusali pia si kazi ya wazazi? Mbona tunampeleka mtoto madrasa? Tunampeleka kwa sababu tunajua wengine wetu hatujui vya kutosha, na wengine hatuna muda. Na hili la mwili lina sababu ya ziada: kuna nyumba ambazo anayemuumiza mtoto yumo ndani. Mtoto kama yule wa kikaratasi ukimwambia arudi kwa wazazi wake, umemrudisha chumbani kwa mtu yule yule. Shule ndiyo mahali pekee nje ya nyumba ambapo karibu kila mtoto hupita.

"NI AJENDA YA WAZUNGU"

Hii nayo tuijibu kwa adabu, kwa sababu hofu yenyewe haikutoka hewani. Watu wamezoea kuletewa vitu vilivyopikwa mbali na kuambiwa wale. Mwaka 2013 Kenya iliungana na nchi nyingine za mashariki na kusini mwa Afrika kutia saini ahadi ya kuwafundisha vijana elimu kamili ya ujinsia. Wewe uliulizwa? Imamu wako aliulizwa? Mzazi ana haki ya kujua mtoto wake anafundishwa nini, na wanaomkejeli kwa kuuliza wanakosea.

Lakini angalia tunachokifanya na haki hiyo. Tunapiga kelele nje. Mlango wa kamati ukifunguliwa hatuingii. Kitabu kikitoka hatukisomi. Kama kuna ukurasa unaogongana na dini yetu, tuambie ni ukurasa wa ngapi na unasema nini, tuupeleke mezani kwa maandishi. Katiba imeweka ushirikishwaji wa umma, na ibara ya 32 inalinda dini yako. Ibara ya 53 inamlinda mtoto dhidi ya dhuluma na kusema maslahi yake yatangulie. Zote ziko kwenye Katiba moja. Huwezi kushika moja ukatupa nyingine.

Na hili la kwamba watoto wakifundishwa wataanza mapema: UNESCO ilipokusanya tafiti za nchi mbalimbali kwa ajili ya mwongozo wake wa mwaka 2018, haikuonekana kwamba elimu hii inaongeza ngono kwa vijana. Mtoto anayejua hatari huchukua tahadhari, kama ulivyomfundisha kuhusu kuvuka barabara. Hukuogopa kwamba ukimtajia gari atakwenda kulirukia.

TUNATAKA AFUNDISHWE NINI?

Tuseme wenyewe, kwa umri.

Mtoto wa miaka sita ajue majina ya viungo vyake, vipi ni vya siri, nani hapaswi kuvigusa, na amwendee nani akiguswa. Basi. Hapo hakuna zinaa.

Wa miaka tisa na kumi ajue hedhi kabla haijamfikia, ajue ndoto, na kwa Waislamu ajue janaba na kuoga. Mtume ameamrisha watoto watenganishwe vitanda wakifika miaka kumi. Waelezwe basi ni kwa nini. Mvulana naye ajue hedhi ni nini ili asimcheke mwenzake aliyechafuka sketi. Tangu 2017 sheria inaitaka serikali impe msichana wa shule ya umma taulo za hedhi bila malipo. Taulo bila maelezo ni nusu ya kazi.

Wa miaka 13 na 14 ajue mimba inavyotokea, ajue VVU na magonjwa mengine, ajue picha ya uchi ukiituma hairudi. Ajue kwamba akibakwa asioge, asifue nguo, awahi hospitali, kwa sababu dawa ya kuzuia VVU lazima ianze ndani ya saa 72. Ajue namba 116, ya bure, ya watoto wanaohitaji msaada. Wangapi mnaosoma hapa mlikuwa mnaijua namba hiyo mkiwa na miaka 13?

Wa miaka 16 na 17 aongee kuhusu mapenzi na ndoa. Qurani inataja mapenzi na huruma kati ya mume na mke. Huruma inafundishwa. Hasira nayo kuizuia kunafundishwa. Na ridhaa pia. Khansa bint Khidam aliozwa na babake bila kutaka, akaenda kwa Mtume, na Mtume akaivunja ndoa ile. Kijana anayejua kisa hicho akiambiwa hapana anaelewa kwamba ni hapana, kabla ya ndoa na ndani yake.

Na ninyi ndugu zangu wavulana, msidhani somo hili ni la wasichana. Wavulana pia hunajisiwa, na sisi ndio tunaonyamaza zaidi, kwa sababu tumeambiwa mwanamume halii.

MASLAHA YA NANI?

Sasa lile linalouma. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 iko wazi. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini, kifungo cha maisha. Miaka 12 hadi 15, kisichopungua miaka 20. Miaka 16 hadi 18, kisichopungua miaka 15. Hakuna kipengele kinachosema isipokuwa kama ni mjomba, au ni mwalimu, au ni maalim. Tume ya Walimu ilitoa waraka mwaka 2010 kuhusu kuwalinda wanafunzi na walimu wanaowanyanyasa. Madrasa zetu zina waraka gani? Nauliza kwa uchungu, kwa sababu nimelelewa madrasa na naipenda.

Huku kwetu na kule kaskazini mashariki, kesi hizi zinaisha chini ya mti. Wazee wanakaa, inatajwa ng'ombe au pesa, inasomwa Fatiha, watu wanashikana mikono. Wanaita maslaha. Maslaha ya nani? Mtoto hakukaa kwenye kikao hicho. Uislamu unaojulikana kwa uadilifu hauwezi kuwa kichaka cha kumficha mbakaji. Na mtoto asiyefundishwa ndiye mtaji wa vikao hivi, kwa sababu hajui kwamba alichofanyiwa kina jina, na kwamba jina hilo limo kwenye sheria.

KAZI YETU

Nchi hii ilianzisha somo la stadi za maisha mwaka 2008. Halikuwa na mtihani, kwa hiyo shule nyingi kipindi chake kililiwa na hesabu. Kuna kipindi cha PPI kila wiki cha malezi ya kidini. Unajua Waislamu huwa wapi wakati huo katika shule nyingi? Chini ya mwembe, wanapiga soga, kwa sababu hakuna aliyekuja kuwafundisha. Nafasi tunayosema tumenyimwa ipo kwenye ratiba, imekaa tupu.

Kwa hiyo, badala ya kushea sauti ile tena, fanya haya.

Moja, nenda shule uliyosoma, mwone mwalimu mkuu kwa heshima, umuulize kipindi cha PPI cha Waislamu kina mwalimu au hakina. Kama hakina, tafuta ustadh na ustadha wanaoweza kuongea na vijana bila bakora, mpange ratiba pamoja na shule.

Mbili, mwambie mzazi wako, au wewe mwenyewe kama una mtoto, ahudhurie mkutano wa wazazi. Aulize mbele ya bodi: stadi za maisha zinafundishwa siku gani? Mtoto akidhulumiwa hapa shuleni anamwona nani? Jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Tatu, mwombe imamu wako khutba moja. Moja tu, kuhusu mtoto anayenyanyaswa na wajibu wa anayejua. Ukiwa na wenzako watano mkaenda baada ya Isha, atawasikiliza.

Nne, kama umewahi kushika mimba shuleni au dada yako, jua kwamba mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unamruhusu arudi darasani. Atakayemzuia mlangoni, tuleteeni habari inbox. Hiyo ni haki yake, hahitaji kubembeleza.

Na tano, anza na wa karibu. Una mdogo wako wa miaka kumi. Usiku wa leo, kabla hajalala, mwambie mwili wake ni amana, na kwamba akiguswa na yeyote, hata mtu wa msikitini, hata wewe, aseme, na hutamkasirikia. Utaona haya. Mimi niliona haya nilipomwambia wangu, nikaanza kwa kukohoa mara tatu.

Alinisikiliza, akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Na nikikwambia, utaniamini?"

Hilo ndilo wanalotaka kujua wote. Jiandae na jibu.